Nyota Aliyoifuta Shangazi

Kazi ya shangazi yangu ni kusikiliza. Sitanii. Kila asubuhi huvaa viatu vyake vyeusi visivyo na kisigino, huingia bungeni kwa mlango wa nyuma, hukaa kwenye chumba kisicho na dirisha, huvaa hedifoni na kuandika kila neno ambalo waheshimiwa wamelisema kwenye kamati. Chini ya meza yake kuna pedeli kama ya cherehani. Akiikanyaga kwa vidole, sauti inaendelea; akiikanyaga kwa kisigino, inarudi nyuma. Kwa miaka ishirini na mbili kisigino chake cha kulia kimerudisha nyuma maneno ya wakubwa mpaka yakakaa sawa kwenye karatasi.

Wenzake wanamwita Sikio. Baba, ambaye ni mdogo wake, hupenda kumchokoza. "Dada, sikio halipiti kichwa." Naye hujibu bila hata kumtazama, "Na kichwa kisichosikia ni boga."

Zamani nilidhani jeshi likitaka lori linaenda tu kununua, kama sisi tunavyokwenda kununua daftari. Shangazi ndiye aliyenieleza kamati anayoiandikia, ile ya ulinzi, inafanya nini. Wabunge wanawaita wanajeshi na kuwauliza: mnanunua nini, kwa nani, na kikiharibika nani atakitengeneza?

"Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau," aliniambia. "Kununua lori ni harusi, mwanangu. Vipuri ndiyo ndoa yenyewe."

Chumba chao kina sheria moja. Ukikutana na neno ambalo hujalisikia vizuri, unaliandika kama ulivyolisikia, kisha unaweka nyota pembeni. Nyota maana yake rudi, sikiliza tena. Ukishindwa, mpigie simu aliyelisema umuulize. Ukurasa wenye nyota hautoki chumbani, hata spika mwenyewe akiwa anausubiri mlangoni.

Sasa nifike kwenye siku ile. Haya nitakayoyasema yalikwisha kusomwa bungeni hadharani, isipokuwa yale yanayonihusu mimi.

Siku ile kulikuwa na mdahalo wa shule yetu na shule ya jirani, saa tisa alasiri, na mimi nilikuwa mzungumzaji wa mwisho. Mama na baba walikuwa kazini, kwa hiyo nilimng'ang'ania shangazi. Nilimtumia ujumbe: "Unakuja?" Nikatuma mwingine: "Usipokuja nitasahau kila kitu, na lawama ni zako." Kisha nikapiga simu mara tatu, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyeunguliwa na nyumba.

Alikuja. Alikaa safu ya pili, nywele zake bado zina mfereji wa hedifoni katikati. Tulishinda. Nilipopewa kipaza sauti nikasema, "Namshukuru shangazi yangu, sikio la taifa!" Ukumbi ulicheka na kupiga makofi. Niliringia sentensi hiyo miezi minane mizima.

Miezi minane, kwa sababu baada ya hapo lori moja la jeshi lilitelemka lenyewe kwenye uwanja wa karakana, breki hazikushika, likambana fundi ukutani na kuuvunja mguu wake mahali pawili. Kamati ikamwita mkuu wa karakana. Ni afande mmoja mwenye masharubu meupe, mpole, anayezungumza kama anaogopa kumwamsha mtoto. Shangazi alikuwa pembeni ya chumba na mashine yake ya kurekodi, kama kila kikao.

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja asiyependa kupotezewa muda, akafungua taarifa ya kikao cha nyuma.

"Afande, mwaka jana nilikuuliza vipuri vya breki viko wapi. Ukajibu, nasoma: 'Vimeingizwa, Mheshimiwa Mwenyekiti.' Viko wapi hivyo vilivyoingizwa?"

"Mheshimiwa, sikusema vimeingizwa. Nilisema vimeagizwa."

"Karatasi hii inasema vimeingizwa."

"Karatasi haikuwa na mdomo, Mheshimiwa. Mdomo ulikuwa wangu."

Wabunge wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Afande, umeagiza vipuri au umeagiza maneno?" Wakacheka tena. Mwenyekiti hakucheka. Alisema kuidanganya kamati ni kosa, kwamba suala hilo litapelekwa kwa wakubwa wake, na kwamba kuna watu wamevuliwa vyeo kwa madogo kuliko hayo.

Shangazi anasema hapo ndipo mikono yake iliposimama juu ya vibonye. Alikuwa ameikumbuka nyota.

Jumamosi hiyo alikuja kwetu mchana, akakaa jikoni bila kuvua mkoba begani. Mama alimwekea chai, hakuigusa.

"Wifi, unaumwa?"

"Naumwa na neno," akasema, na akatueleza. Mwaka jana, wakati afande anajibu, mheshimiwa mmoja alikohoa juu ya neno lile lile. Baadaye, akiisikiliza sauti chumbani kwake, shangazi aliandika "vimeingizwa" akaweka nyota. Alikuwa ameshaweka kisigino kwenye pedeli arudishe. Simu ikatetemeka mezani. Akaitazama, akatazama saa, akajiambia maneno yote mawili yanahusu vipuri vile vile, akaifuta nyota na kuutoa ukurasa.

"Wangesoma 'vimeagizwa' wangeuliza: kwa nani, lini, vinafika lini? Wangemwita muuzaji," alisema. "Waliposoma 'vimeingizwa' walipiga mstari juu ya swali, wakaendelea na swali la mahema. Afande akawa anaisubiri kamati imsukume muuzaji. Kamati inajua afande ameshapata. Malori yamekaa juu ya matofali miezi minane, na hilo moja walilifunga breki za kuazima."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Safari hii hakutania.

"Ile sauti bado ipo?"

"Ipo. Hufutwa baada ya miezi tisa. Imebaki wiki tatu."

"Basi nyamaza wiki tatu, dada. Umebakiza miaka mitatu ustaafu. Afande ni mtu mzima, atajitetea."

"Atajitetea kwa lipi? Ushahidi wake uko kwenye kabati langu."

"Ni herufi tu hizo. Watu hukosea."

"Kwenye karatasi kuna ukurasa wa masahihisho," shangazi akasema. "Mguu wa yule fundi hauna."

Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimejibanza karibu na jokofu nikijifanya natafuta maji.

"Haya, bingwa wa mdahalo. Wewe ungesemaje?"

Mimi, ambaye walimu huniomba ninyamaze, nilifunga jokofu. Kisha nikasema kile nilichokuwa nakificha tangu alipoitaja simu. "Mimi ndiye niliyekupigia, shangazi. Mara tatu."

"Simu ulipiga wewe. Nyota niliifuta mimi. Usiniibie kosa langu."

Alisema hivyo kwa upole, lakini sikupona. Cheti changu cha mdahalo kilikuwa sebuleni, kwenye fremu. Kutoka jikoni nilikuwa nakiona.

Jumatatu alikwenda ofisini kwa mwenyekiti na mashine yake, hedifoni na pedeli, amevibeba kwapani kama kuku wa mgonjwa. Hakujitetea. Alimvalisha mwenyekiti hedifoni, akapiga magoti, akaibonyeza pedeli kwa mkono. Kikohozi. Neno.

"Rudisha," mwenyekiti akasema.

Kikohozi. Neno.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu mwenyekiti alivua hedifoni na kuiweka mezani polepole. "Vimeagizwa," akasema. "Na sisi tulimcheka."

Masahihisho yalisomwa bungeni siku ya Alhamisi: ukurasa fulani, mstari fulani, badala ya neno hili lisomeke hili. Sekunde kumi na tano. Muuzaji wa vipuri aliitwa wiki iliyofuata aeleze. Shangazi akapewa barua ya onyo na kuhamishiwa kamati nyingine, inayohusika na nyumba za watumishi. Anasema huko watu hawakohoi sana.

Afande alikutana naye kwenye korido. "Mama," akamwambia, "nimekuwa mwongo kwa siku kumi na moja. Mke wangu peke yake ndiye hakushangaa."

Shangazi hakuweza kucheka. Alimuuliza fundi anaendeleaje.

"Anatembelea magongo. Kila nikienda kumwona haulizi mguu, anauliza breki zinafika lini."

Basi shangazi naye akaanza kwenda kumwona, kila Jumapili. Mara ya kwanza nilimsindikiza. Fundi ni mtu wa makamo, chumba chake kina kalenda ya matairi ukutani, na mguu ulikuwa juu ya stuli kama mgeni mkuu. Shangazi alimweleza yote, hata simu, ila hakusema ni ya nani. Nikasema mwenyewe. Fundi akanitazama.

"Mlishinda?"

"Tulishinda."

"Afadhali," akasema, akageukia dirishani. Hakusema kwa ukali. Heri angesema kwa ukali.

Cheti nimekitoa kwenye fremu. Sikukichana, nimekiweka chini ya madaftari.

Juzi tulikuwa mezani kwetu wakati simu ya shangazi ilipolia. Aliweka sauti ya nje kwa sababu mikono ilikuwa na unga. Alikuwa afande.

"Sikio, vimeingizwa."

"Rudia, afande."

"Vimeingizwa. Viko ghalani. Nimevishika kwa mikono yangu."

"Taratibu. Neno moja moja."

Afande alicheka, kisha nadhani alielewa. Akalitamka silabi kwa silabi, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Nilichungulia chini ya meza. Kisigino cha kulia cha shangazi kilikuwa kinakanyaga sakafu, kinarudisha, kinarudisha.