Mshono wa Mama Cheche

Karakana ya kitivo cha uhandisi ilikuwa na milango miwili. Wa mbele waliingilia wanafunzi na wageni. Wa nyuma, uliotazamana na lundo la vyuma chakavu, waliingilia mafundi, na Mama Cheche aliupita huo kila siku ya kazi kwa miaka kumi na tisa. Jina hilo alipewa na wanafunzi wa mwanzomwanzo, kwa kuwa waliomtafuta waliona cheche kwanza, ndipo wakamwona mwenyewe: mwanamke mfupi, mabega mapana, bwelasuti lake limejaa vitundu vya moto mikononi hadi kwenye viwiko.

Kuchomelea alifundishwa na mjomba wake, mtengeneza matrela, mtu asiyesifu kitu. Mjomba akikagua mshono akinyamaza, ujue umepasi. Mama Cheche akautia ufundi huo damuni, na alipojaliwa watoto akataka kuurithisha. Wawili wakubwa hawakuwa na habari nao. Kitindamimba wake, msichana, alikulia kwenye kona ya karakana ile akifanya kazi za shule juu ya kreti la mitungi ya gesi, na alipofika miaka kumi na minne alikuwa analaza mshono ulionyooka kama uzi wa cherehani. Miaka ikapita, naye akachaguliwa kusoma uhandisi chuoni hapohapo. Siku ya kwanza aliingia kwa mlango wa mbele, na mama yake akasimama nyuma ya mashine ya kukatia mabati, akajifuta macho kwa glovu chafu.

Kila mwaka wanafunzi walibuni na kuunda gari dogo la mbio, la kiti kimoja, magurudumu nje, kisha wakaenda kushindana na vyuo vingine. Sharti kuu lilikuwa moja: kazi yote ifanywe kwa mikono ya wanafunzi. Fundi aweza kufundisha, asiguse. Mama Cheche alilijua sharti hilo kuliko wao, na kila mwaka aliwafundisha waliotaka kufundishika.

Binti alijiunga na timu mwaka wake wa pili akiwa na kofia yake mwenyewe ya kuchomelea. Wakampa kazi ya kupiga picha, kuwaandikia barua wafadhili na kufuatilia fulana za timu. Mwaka wa tatu, vilevile.

"Wavumilie," mama alimwambia. "Zamu yako itafika."

"Zamu za pale hazipangwi kwa foleni, Mama."

Nahodha wa mwaka ule alikuwa kijana wa mwaka wa mwisho, mdomo wake asali, asiyepita bila shikamoo. Yeye na wenzake wawili waliamua kuichomelea fremu ya gari wenyewe. Darasani kwa Mama Cheche walikuwa wamefika mara mbili. Zilipobaki wiki tatu wakamwita aje aone.

Alikwenda akiwa na nyundo. Mishono ilikuwa imekaa kama kinyesi cha njiwa. Aligonga kiungo cha mbele, pale fremu inaposhikilia vyuma vya gurudumu, kikaachia kwa pigo la pili.

"Hiki kikimkatikia dereva kwenye kona," alisema, "mtamwokota kwa vipande."

Nahodha akajishika kiuno. "Sasa tufanyeje, Mama? Fremu nyingine haiwezekani."

"Kata viungo vyote, safisha, choma upya. Binti yangu anaweza. Mpeni wiki moja."

Vijana wakatazamana. Nahodha akacheka kidogo, cheko la adabu. "Tunampenda sana dada yetu. Lakini huu si wakati wa kubahatisha."

Kesho yake alikuja mhadhiri msimamizi wa timu, mtu ambaye hakuwa na kawaida ya kufika upande ule wa karakana. Alizungumza akiangalia dirishani. Alisema chuo kinaitegemea timu ile. Alisema mkataba wa Mama unakwisha mwezi wa sita, na anayeandika mapendekezo ni yeye. Kisha akauliza kama Jumamosi karakana huwa na watu.

"Hakuna," Mama Cheche alijibu.

Basi akaichomelea fremu Jumamosi na Jumapili, mchana kutwa, mlango wa mbele umefungwa. Hapa lazima lisemwe na la pili, ambalo yeye mwenyewe hakulisema kwa mtu: aliifurahia kazi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa anaunga miguu ya viti na vitasa vya madawati. Siku mbili hizo alikuwa na bomba jembamba, chuma kizuri, na kazi ambayo uhai wa mtu ungeitegemea. Aliunga kiungo kimoja kimoja, akisubiri kipoe, akikilalia kama mtu anayetia uzi kwenye sindano.

Jumapili alasiri binti alikuja kuchukua kamera yake. Akamkuta mama yake amejikunja ndani ya fremu.

"Mama, hairuhusiwi."

"Nani amekuuliza?"

"Mimi ningeweza kuifanya."

"Najua. Nimewaambia. Hawakutaka. Sasa nipe ule waya, au nenda nyumbani."

Binti alimpa waya, akaenda nyumbani.

Mashindano yalifanyika kwenye uwanja wa ndege uliokuwa hautumiki tena. Mama Cheche alisafiri nao kama mtunza zana. Gari lilipendeza, watu wa vyuo vingine walikuja kulipiga picha. Siku ya kwanza ilikuwa ya ukaguzi. Mkaguzi alikuwa mzee mwembamba mwenye kioo cha kukuzia, na alipofika kwenye fremu aliinama muda mrefu. Hakusema kitu. Mama Cheche, amesimama kando ya sanduku la spana, alimkumbuka mjomba wake, na kwa dakika moja moyo wake ulijaa.

"Nani alichomelea hapa?" mkaguzi aliuliza.

"Mimi," nahodha akasema.

"Kazi nzuri. Nzuri mno." Akaashiria meza iliyokuwa pembeni, yenye mashine na vipande vya bomba. "Niunganishie hivi viwili."

Nahodha alivaa glovu. Alitoboa bomba kwa moto, akahamia kwingine, akatoboa na huko. Wanafunzi wa vyuo vingine walianza kusogea. Mkaguzi akazima mashine mwenyewe.

"Yupo mwingine aliyeifanya?"

Hapo nahodha aligeuka akamtazama binti, na timu nzima ikageuka. Miaka miwili hawakuwa wamemtazama hivyo. Binti alikwenda mezani, akashusha kofia, akaviunganisha vile vipande viwili kwa muda usiozidi wa kuchemsha chai. Mkaguzi alivichukua, akavipeleka karibu na fremu, akalinganisha. Mtu na kivuli chake wasingefanana zaidi.

"Kwa hiyo ni wewe."

Neno moja tu lilihitajika. Mama Cheche aliona midomo ya binti yake ikifunguka, akajikuta anaitikia kwa kichwa: sema, mwanangu, sema.

"Hapana," binti alisema. "Ningeweza, lakini hiyo siyo kazi yangu."

"Ni ya nani?"

Binti akatazama chini. Asingemtaja, hilo lilionekana, hata wangesimama pale hadi jua lizame. Mama Cheche akaweka spana sandukuni.

"Ni yangu," alisema.

Timu iliondolewa siku ileile. Kwenye basi la kurudi mama na binti walikaa peke yao kiti cha nyuma, na viti viwili vya mbele yao vikabaki wazi njia nzima.

Wiki iliyofuata ilitoka barua ya pamoja. Nahodha na wenzake sita walitia sahihi kwamba Jumatatu asubuhi walikuta fremu imekwisha kuchomelewa bila idhini yao, na kwamba waliogopa kumkosea heshima fundi mwenye umri wa mama zao. Walimletea binti naye atie sahihi. Alikataa, akaandika maelezo yake kurasa tatu, yakamtaja na mhadhiri, akayapeleka ofisini. Yalipokelewa, yakapigwa muhuri. Hakuna aliyeyasikia tena. Mwezi wa sita ulipofika, mkataba haukuandikwa upya. Sababu ilikuwa mstari mmoja: kuwapotosha wanafunzi. Asante ya punda ni mateke, walisema mafundi wenzake, lakini walisema wakiwa mlango wa nyuma, kwa sauti ya chini.

Nahodha alihitimu. Alipata kazi kwenye kiwanda cha kuunda magari, na waliosoma naye walisimulia kwamba kwenye usaili alionyesha picha za fremu, za karibu kabisa, mshono baada ya mshono. Picha alizipiga binti.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Mwezi mzima walizungumza chumvi, maji na funguo. Kisha jioni moja, wakikunja nguo zilizokauka, mama akalitoa lililomkaa moyoni.

"Neno moja, mwanangu. Ungesema tu ndiyo. Mkono ni uleule, mimi ndiye niliyekufundisha. Ingekuwa uongo gani huo?"

"Ningesema ndiyo, nahodha angebeba kombe, na mimi ningerudi kupiga picha."

"Na mimi ningekuwa kazini."

Binti aliendelea kukunja shuka. "Wewe ungekataa tangu mwanzo, Mama. Jumapili ile ulikuwa unaimba. Nilikusikia kabla sijafungua mlango."

Mama Cheche alichukua rundo lake la nguo akaingia chumbani.

Alifungua kibanda kando ya barabara, akawa anatengeneza mageti na nondo za madirisha. Wateja hawakukosekana, maana kazi njema haijifichi. Binti aliachana na timu lakini chuo hakuacha, na Jumamosi alikuja kibandani kusaidia. Jumamosi ya kwanza alikuja na kofia yake. Mama alimwangalia, akamwonyesha kopo la rangi ya kuzuia kutu na brashi. Tangu hapo kazi yake ikawa kupaka rangi. Hakuuliza kwa nini, na hakuambiwa. Kofia ikabaki inaning'inia msumarini, ikijaa vumbi.

Siku moja alikuja mteja kulipima geti lake, mtu mzima mwenye maneno mengi. Akamwona binti amechutama kwenye mageti, mikono myekundu kwa rangi.

"Na huyu naye fundi?" aliuliza. "Mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Hapana," Mama Cheche alisema bila kuinua macho. "Huyu ni msomi."

Binti aliweka brashi chini. Alinawa mikono kwa petroli, kidole kimoja kimoja, akaifuta kwa kitambaa, akaondoka bila kuaga. Mteja alisema hili na lile, kisha naye akaenda zake.

Mama Cheche alishusha kofia akaendelea na geti. Alipoiinua kukagua, mshono ulikuwa umekwenda upande, kitu ambacho hakikumtokea tangu enzi za mjomba wake. Akawasha mashine ya kusagia chuma, akaufuta wote, akaanza tena.