Ndege Mgeni wa Njia ya Kamango

Naikumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi moja katika shamba letu la muhogo, kwenye njia ya Kamango. Vilikuwa vita. Tuliishi Beni mjini, na shambani tulikwenda kwa kuvizia, tung'oe upesi turudi. Tuliwaogopa askari, basoda kama tulivyowaita, waliokamata vijana wawabebee mizigo, kwa hiyo mmoja wetu alilinda, na mlinzi aliwategemea ndege. Katika majani marefu aliishi ndege mdogo wa kwetu ambaye akiona mtu hugomba bila kuchoka, utadhani umemuibia.

Lakini mvua zikianza, huja mwingine kutoka mbali, mdogo vilevile, wa kijani chenye manjano, na ukimtazama mbiombio utasema ni ndugu. Shangazi aliyetulea, mimi na kaka yangu Mumbere, alinifundisha kuwatofautisha. Mgeni hukaa juu matawini, huokota wadudu jani kwa jani, na kila akiruka hushusha mkia kidogo. Hajengi kiota huku.

“Ule iko mugeni,” aliniambia. “Hana batoto hapa. Hata basoda bapite chini yake, ye anakula tu. Usimuulize ye.”

Nilicheka. Nilikuwa katika umri ule wa kujua kila kitu, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ila mimi, guu langu lilibaki zima.

Asubuhi hiyo zamu ya kulinda ilikuwa yangu. Mumbere alisimama ukingoni na kapu lake, akauliza: “Iko batu?”

Nikatazama mti wa parachichi. Ndege mdogo alikuwa anakula kwa raha zake. Wa kwetu au mgeni? Kusema kweli sikujua, na niliona aibu kukiri mbele ya kaka. Wala sikujiuliza kwa nini majanini kulikuwa kimya. Ndege wenyeji wa pale walikuwa wamekwisha kukimbia.

“Yaya,” nikamwita kaka yangu, “hapana batu. Ingia tu.”

Akaingia. Askari waliinuka kutoka katika majani yaleyale, wakamtwika mzigo, wakaenda naye upande wa mpaka. Hajarudi mpaka leo.

Shangazi alinikemea mara moja tu: “Lakini ungesema haujue.” Halafu kila jioni aliendelea kupima unga wa Mumbere pamoja na wetu, nami sikuthubutu kumwambia apunguze.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu amezeeka pamoja nami. Wanasema kuuliza si ujinga. Basi na kujibu “sijui” si ujinga pia. Anayekuuliza ili apite, mpe kile unachokijua tu, hata akikucheka. Mumbere angenicheka sana, halafu angengoja.

Mungu akujalie ulimi usioogopa aibu, na wote wanaoliamini neno lako wafike kwao wakiwa hai.