Stambuli na Mpiganaji Wake

Stambuli bin Badi alisafisha vyumba katika hoteli moja ya Shanzu, na maiti hakuweza hata kumtazama. Kwa mtu mwingine wa Kisauni hilo lisingekuwa neno, ila babake, Mzee Badi, alikuwa mwosha maiti wa mtaa kwa miaka thelathini, na Stambuli ndiye mwanawe wa pekee wa kiume. Alipokuwa na miaka kumi na mitano aliingizwa chumbani amimine maji, akaweka kata chini akatoka mbio hadi barabarani. Watu walicheka mwaka mzima. Mzee hakucheka. Alisema tu, na akarudia kila alipougua, "Mimi utaniosha wewe."

Mwaka 1992 mgeni wa Kiholanzi alisahau sanduku chini ya kitanda. Ofisi ililiweka miezi sita, mwenyewe hakuuliza, likapewa aliyeliokota, kama ilivyo desturi ya hoteli. Ndani mlikuwa na kitabu cha Kiingereza na dadu za ajabu, nyingine zenye pande ishirini. Musyoka wa jikoni, aliyependa Kiingereza kuliko chakula alichopika, alikisoma chote akaeleza: ni mchezo wa kusimulia. Kila mtu anajiundia mtu wake, msimulizi anawaletea mashetani wa kupigana nao, na dadu zinaamua nani ashinde. Msimulizi, bila shaka, angekuwa Musyoka.

Wakawa wanacheza alasiri za mapumziko, barazani kwa Mzee Badi, wao wawili na Pascalia wa dobi. Pascalia alichagua mchawi. Stambuli alitaka mpiganaji wa mikono mitupu. Kitabu kilisema mtu huyo ni kijana mwenye kipara, hodari wa kurusha mateke. Stambuli akamfanya mzee kiguu aliyevaa kikoi, asiyejua kupiga hata kofi.

"Sasa atapigana vipi?" Musyoka akauliza.

"Wafu wakija, atawaosha."

Na wafu walikuja, maana nchi ya Musyoka ilijaa waliotoka makaburini kusumbua watu. Mzee kiguu aliwakamata mmoja mmoja, akawalaza, akawaosha, akawavisha sanda, nao wakatulia. Musyoka alilalamika kwamba kitabuni hamna kitu kama hicho, lakini dadu zilimpenda mzee yule. Stambuli alifurahi kupita kiasi. Humo hakukimbia.

Siku moja alikuwa akisimulia, "Namlaza, naanza mkono wa kushoto," sauti ikatoka dirishani, Mzee Badi alikolala akiugua kifua.

"Sivyo! Kuume kwanda. Na umsitiri, hata akiwa shetani."

Stambuli alijua atagombezwa kwa ajili ya dadu.

"Naam, baba."

"Haya, rudia."

Akarudia. Tangu hapo Mzee aliwasahihishia kila maiti: tumbo likandwe polepole, maji ya mkunazi, kafuri mwisho. Musyoka, Mkristo wa Machakos, akawa anajua kuosha maiti kuliko vijana wengi wa msikitini.

Mzee Badi alifariki asubuhi moja ya Machi. Kwa kumhurumia Stambuli, watu wa msikiti walimwita mwosha wa Mkomani bila kumtaja yeye. Mwosha alipofika alimkuta Stambuli chumbani, amekwisha kukunja mikono ya shati.

"Nimiminie maji tu, tafadhali," Stambuli akamwambia.

Alijifunga kitambaa mkononi akaanza kuume. Mkono wa baba ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na ubaridi wake hakuna dadu iliyopata kumweleza. Mara mbili alitazama mlango. Alikuwa na hofu ileile ya alipokuwa na miaka kumi na mitano, haikupungua hata chembe. Akaosha nayo. Akaosha mara tatu, huku akilia, na kila mahali palipotakiwa kusitiriwa alipasitiri.

Baada ya arubaini Musyoka na Pascalia walikuja na sanduku. Mchezo ukaendelea pale ulipoachwa: mfu amesimama langoni, mzee kiguu yuko mbele yake. Musyoka akangoja.

"Mpe mzee wangu upanga," Stambuli akasema.

"Haoshi tena?"

"Haoshi. Hiyo sasa ni kazi yangu."