Mluzi wa Korongoni

Mzee anayewatembeza wageni msituni kule Nkololo hashuki korongoni kabla hajatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi, akatega sikio. Njia ile ilichimbwa na kwato za ng'ombe hadi ikawazidi watu kimo, na makundi mawili hayapishani humo; ndiyo maana wachungaji walikuwa wakipigiana mluzi. Ukame ulishamaliza ng'ombe wake na wa majirani wote, lakini mluzi hajauacha.

Jana Nancy, mgeni kutoka Bariadi mjini, alitangulia korongoni kimyakimya, na mzee alipopiga mluzi, akamjibu kwa mluzi kutoka upande wa pili. Mzee alijibana kwenye ukuta wa udongo pale pa kushukia, akavua kofia. "Wapisheni," aliwanong'oneza wageni. "Wanakuja."

Nancy akaibuka kwenye kona akicheka. "Ni mimi, babu!"

Mzee akachungulia nyuma ya binti, akazidi kuchungulia.