Muuza Tambuu wa Langoni

Mji mzima wa Shillong, kule India, humwita Kong, yaani dada, na Ibanri, karani wa serikali, hajapata kumjua kwa jina jingine. Kong huketi nje ya lango la ofisi za jimbo anakofanya kazi Ibanri, amejitanda shuka ya mirabaraba, ukungu ukimpita usoni. Kidole chake kimoja ni cheupe daima kwa chokaa. Hupasua popoo bila kutazama kisu, akikunja tambuu huku anawasema wakubwa kwa sauti ya chini: "Bwana mkubwa leo kavaa soksi mbilimbili kila mguu."

Wiki yake ya kwanza kazini, Ibanri alifokewa mbele za watu. Kesho yake akafungasha begi arudi kwao kijijini, lakini alipopita pale langoni kwenda stendi machozi yakamzidi. Kong akamtia tambuu mdomoni. "Tafuna, mwanangu. Kulia na mdomo umejaa ni taabu." Kisha akalivuta lile begi, akalikalia.

"Kong, basi la kijijini litaniacha."

"Likuache. Mimi siinuki hapa mpaka ofisi zifungwe."

Ibanri alitafuna, shavu limemvimba kwa tambuu. Halafu akajifuta uso kwa kiganja, akapanda ngazi kurudi kazini.