Mgongo wa Mtani Wangu

Usiku ule wa arobaini yake, Danieli alikuja nimkande tena mgongo, mgongo ule ule ambao alipokuwa hai nilipaswa kukataa kuugusa.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, shati amevua, mpira wa kusafishia damu ukiwa bado shingoni. Figo zake zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alilazwa kwenye mashine hospitalini. Mimi nilikuwa mkandaji wa viungo, tena mtani wake: yeye Mhehe, mimi Mngoni.

"Kanda, Mngoni," akasema. "Leo silii."

Nikachovya mikono kwenye mafuta. Nagusa katikati ya mgongo na mfupa unawaka. Nabonyeza, anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Ni siku ile ya kwanza aliyonijia akiwa hai imerudi, na kinywa changu kinasema yale yale.

"Mhehe analia mbele ya Mngoni? Babu zako wangeona haya."

"Hata nikilala unauma, mtani. Na nikitoka kwenye mashine natetemeka kwa baridi."

"Baridi si mmezaliwa nayo huko kwenu?"

Anacheka. Siku ile pia alicheka, nami nikaendelea kukanda.

Kigoda sasa ni kitanda cha wodini. Danieli ananiomba nimsogezee miguu, maana haimsikii. Daktari amesimama upande wa pili, anamfunika shuka.

"Vijidudu vilipita kwenye mpira," ananiambia, "vikaenda na damu mpaka kwenye uti wa mgongo. Umejaa usaha. Mgonjwa wa mashine mwenye homa na mgongo unaouma bila kutulia hakandwi, mzee. Analetwa hapa siku hiyo hiyo."

Namgeukia Danieli nimwombe radhi. Hacheki tena.

"Atakayekuja baada yangu," anasema taratibu, "usimtanie kwanza. Muulize."

Nikaamka.

Siku ile joto la mfupa wake nililisikia vizuri. Niliona haya kutamka kwamba mgongo ule siuwezi, aende hospitali. Nikamkanda siku tisa mfululizo. Ya kumi miguu yake ikafa ganzi, na kabla mwezi haujaandama tukamzika. Danieli alikufa kwa sababu nilimchelewesha.