Mbuzi Saba na Milango Miwili

Siku ile pamba ilipowaka nyumbani kwetu Kabambare naikumbuka, mwanangu, kwa sababu tuliimaliza kwa kucheka. Sikusoma sana. Hesabu yangu yote ni ya Shangazi Feza, na ilitosha kuniacha hai.

Wakati ule wa Wabelgiji tulilimishwa pamba kwa nguvu. Kapita wetu, msimamizi wa mashamba, aliitwa Kasukulu, jina lake nalitaja wala silifichi. Aliamuru vikapu vya pamba vikae ndani ya nyumba, kando ya mlango, visinyeshewe. Pamba kavu, paa la majani, mlango mmoja! Baba aliviweka, aliogopa fimbo.

Shangazi hakukubali. Lakini kwetu kuhesabu watoto ni mwiko, ni kuwaitia kifo. Basi akatugeuza sisi watoto kuwa mbuzi.

"Mbuzi saba, mlango iko moja, wanapita moja moja. Wa mwisho anangoja wangapi?"

"Sita!"

"Nikifungua mwingine nyuma?"

Tukajipanga, wanne huku, watatu kule, tukasukumana mpaka tukaelewa: wa mwisho sasa anangoja watatu tu.

"Dada, unaharibu nyumba," Baba akalalamika alipoona Shangazi amekata ukuta wa matete upande wa nyuma na kutundika mkeka uwe mlango.

"Nyumba utajenga tena. Hawa utawajenga na nini?"

Tukawa tunacheza kila siku. Anayetoka analia mee, anataja namba yake. Majirani walitutania: "Feza, maziwa iko wapi?"

"Leta kikombe, shemeji!"

Siku moja Kasukulu akaja kukagua pamba, tumbako inawaka mdomoni. Cheche ikaanguka kikapuni, mlango wa mbele ukawa moto mtupu. Wenzangu wakatoka nyuma, mee, mee. Mimi, mdogo wa wote, niliogopa, nikajificha chini ya kitanda.

"Saba toa sita?" Shangazi akapaza sauti.

"Moja!" wenzangu wakajibu huko nje.

"Mbuzi wa saba, uko wapi?"

"Mee," nikaitika, nakohoa. Baba akaingia akitambaa, akanivuta mguu. Nje nikasimama, uso wote masizi, nikamaliza hesabu: "Saba!" Baba, aliyekuwa analia, akacheka mpaka akaketi chini.

Nyumba ikaisha. Kasukulu akasema kosa ni letu, wakubwa wake wakamwamini. Hilo sijalimeza mpaka leo.

Kwa hiyo, mwanangu, usiweke kitu cha kuwaka mlangoni, hata akuamuru nani. Nyumba iwe na njia mbili, na watoto wazijue kwa miguu yao. Moshi ukija, watambae. Wakishatoka, asirudi mtu kwa ajili ya nguo wala sufuria. Mtoto mwenye woga hujificha, kwa hiyo mzoeze kuitika, na nje hesabu mpaka watimie. Uwafundishe wakicheza, maana kwa fimbo mimi nisingekumbuka kitu siku ile.

Mungu akupe watoto wengi, wakuchoshe kwa kelele, wala asipungue hata mmoja.